Fuata Picha

Sanduku la kumi na tatu ndilo lililotoa moshi. Haukuwa moshi wa kuitia zimamoto. Ulikuwa uzi tu, mwembamba, uliopanda taratibu na kujikunja juu ya kichwa cha mkaguzi wa idara ya maji kana kwamba unachungulia anachoandika. Lakini ulinuka. Harufu ya transista iliyoungua ni kama uongo wa mtu mzima: hata ufungue madirisha yote, kila anayeingia atauliza kuna nini.

Mkaguzi alikuwa mtu wa maneno machache na kalamu nyingi. Alikuwa nazo nne mfukoni, na ile nyekundu hakuwa ameigusa tangu aingie. Sasa aliichomoa, akang'oa kifuniko kwa meno, akaomba sanduku jingine. Akapewa la kumi na moja. Likakaa kwenye umeme dakika nne, nalo likaanza kutoa uzi wake.

Masanduku yalikuwa ishirini na manne, yamepangwa juu ya meza ya kulia chakula, kwa kuwa nyumba ile haikuwa na karakana. Nyumba yenyewe ndiyo iliyokuwa karakana. Kila sanduku lilikuwa la kufungwa kando ya pampu ya kisima. Umeme ukipungua nguvu, au maji yakikauka chini, sanduku linaizima pampu kabla haijajiunguza. Na sasa mlinzi mwenyewe ndiye aliyetangulia kuungua, mwizi hata hajabisha hodi.

Mwenye nyumba, mtaa mzima ulimwita Injinia. Cheti cha uinjinia hakuwa nacho. Alikuwa msoma mita za umeme miaka ishirini na minane, akisoma mita za watu mchana na vitabu vya saketi jioni, hadi siku moja akaanza kuchora saketi zake mwenyewe. Zilikuwa saketi nzuri, hilo hakuna aliyelibisha. Mkewe ndiye aliyeziunganisha, waya kwa waya, kwenye bodi za matundu, na mtaa ulimwita Bi Lehemu. Ilisemwa kwamba ukimpa mbu aliyevunjika miguu miwili na nukta ya risasi ya kulehemu, mbu ataondoka akichechemea kidogo tu.

Injinia alifungua sanduku la kumi na tatu, akachungulia ndani. Akainua macho kutazama mchoro uliokuwa kwenye televisheni kuukuu iliyotundikwa ukutani. Akachungulia tena. Kwenye mchoro, kabla ya transista, palikuwa na rezista ndogo ya kuupunguza umeme makali. Kwenye sanduku haikuwapo. Akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa na mafua.

"Mchoro hauna kosa, afisa, tazama mwenyewe," alisema. "Ni ufungaji. Mama huyu umri umekwenda kidogo. Macho."

Bi Lehemu alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Mkaguzi hakumgeukia hata kumwangalia hayo macho yenyewe. Fomu yake ilikuwa na nafasi ya kujaza chanzo cha kasoro, naye akajaza kwa wino mwekundu: macho ya mfungaji. Akasema anarudi Ijumaa ijayo. Siku hiyo likitoa moshi hata moja, kazi inakwenda kwa watu wengine. Kisha akaaga. Chai ikarudi jikoni na mvuke wake.

* * *

Ni lazima ieleweke jinsi picha ile ilivyofika ukutani, maana ililetwa kwa nia njema, na balaa nyingi za nyumbani hupita mlango huo huo.

Zamani Injinia alichora kwenye kompyuta yake chumbani, akachapa karatasi, akampa mkewe. Kisha akachora upya, akasahau kuchapa, na mke akaendelea na karatasi ya juzi. Wakagombana. Akachapa, karatasi mbili zikawa mezani, ya zamani na mpya, zinafanana kama mapacha. Wakagombana tena. Binti yao wa kwanza, aliyefanya kazi na kampuni ya minara ya simu mji mwingine, alichoka kuamua kesi zao kwa simu. Alikuja mwisho wa wiki moja akawatengenezea programu. Programu ile ilikaa kulichungulia faili la mchoro kama paka aliyekaa mbele ya tundu la panya. Baba akilibadilisha faili na kusevu, papo hapo inaunda picha mpya na kuirusha kwenye televisheni ya mama. Hakuna kuchapa, hakuna karatasi, hakuna kugombana. Walikula chakula cha mchana siku ile wakicheka.

Kilichosahaulika ni tabia ya Injinia. Alijifunza kompyuta katika nyumba ambayo umeme ulikuwa ukikatika bila salamu, akapoteza kazi za siku nzima mara tatu, na mara ya nne akaapa. Tangu hapo alisevu kama watu wengine wanavyopumua. Akifikiri nusu, anasevu. Akiinuka kwenda msalani, anasevu. Akisikia jirani anawasha mashine ya kusaga, anasevu mara mbili. Mchoro uliokamilika na wazo lililochipuka sasa hivi, vyote vilikuwa kitu kimoja mbele ya kidole chake.

Basi picha ya ukutani ikawa haitulii. Bi Lehemu ana pasi ya kulehemu mkononi, ameinamia bodi, mara televisheni inakonyeza, na kapasita iliyokuwa kushoto iko kulia. Siku ya kwanza aliuliza kila ilipokonyeza: umebadilisha nini, na mbona hivi, na hili ndilo la mwisho? Sauti ilitoka chumbani, imechoka kabla ya saa nne.

"Mama watoto, fuata picha. Ndiyo kazi yake. Wewe kila ukiuliza, mimi uzi wa mawazo unakatika."

Akaacha kuuliza. Akafuata picha.

Kwa hiyo jioni ile mkaguzi alipoondoka, hakupiga kelele. Alimweleza mumewe kwa sauti ya kawaida kwamba yeye alifuata picha, na kama rezista haimo sandukuni ni kwa sababu haikuwamo pichani. Injinia akanyoosha kidole ukutani. Rezista ilikuwa hapo, imetulia, kama mtu aliyekwisha kunawa mikono.

Wakampigia binti. Mama akamuuliza kama picha za zamani huwa zinabaki mahali. Binti akasema hapana: baba ndiye aliyetaka zisibaki, alisema zitamchanganya mama. Kila picha mpya inaifuta iliyotangulia, na faili nalo hivyo hivyo.

"Umesikia," Injinia alisema, kana kwamba hilo lilikuwa ushindi wake.

* * *

Siku mbili zilizofuata nyumba ilikuwa na adabu ya hospitali. Injinia hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hakika, na mtu mwenye hakika huchosha kuliko mtu mbaya, maana mbaya hulala. Alianza wema. Alimshauri mkewe asogeze taa. Alimshauri ale karoti. Jumapili alirudi kutoka sokoni na miwani ya mchuuzi, fremu za kahawia, kibandiko cha bei bado kimegandama kwenye kioo cha kushoto, akaiweka juu ya bodi ambayo mkewe alikuwa akiifanyia kazi.

"Jaribu tu. Hakuna aibu. Hata mimi masikio yangu si yale."

Bi Lehemu aliiweka kando, akaendelea kuingiza waya mwembamba kama unywele kwenye tundu la bodi. Uliingia mara ya kwanza.

Jumatatu wema ukapanda cheo. Injinia alisema amezungumza na mkuu wa chuo cha ufundi, na kuna msichana amemaliza mafunzo, mkono mwepesi, macho mapya. Anaweza kuja kukaa mezani kwa muda. Mama angepumzika, angepanga masanduku, angebandika nembo. Alilisema hilo akitazama kikombe.

Hapo ndipo alipogusa penyewe. Kwenye meza ile Bi Lehemu alikuwa amekaa miaka kumi na minne. Mbao ilikuwa na alama za pasi yake kama kitabu cha wageni. Watu walileta redio zilizokataliwa na mafundi watatu wakamuulizia yeye kwa jina. Sasa fomu ya serikali ilikuwa imemwandika kipofu kwa wino mwekundu, na mumewe alikuwa anamtafutia kazi ya kubandika nembo.

"Msichana huyo," aliuliza, "naye atafuata picha?"

"Bila shaka."

"Haya. Mungu amlinde."

* * *

Jumanne asubuhi alifungua masanduku yote ishirini na manne, akatoa bodi, akazipanga mezani kwa mfululizo. Alikuwa na desturi ya kuichora kila bodi namba kwa msumari upande wa chini, kwa jinsi alivyoimaliza, siku moja hadi nyingine. Kisha alimwita mumewe. Injinia akaja na kalamu sikioni, akisema ana dakika tano.

Kuanzia bodi ya kwanza hadi ya tisa, rezista ilikuwepo. Ya kumi hadi ya kumi na tano, haikuwepo. Ya kumi na sita hadi mwisho, ilikuwepo. Bi Lehemu alipita nazo kwa kidole.

Injinia alifikiri haraka. Hakuna aliyewahi kumnyima hilo. Alisema ni kama alivyodhani, uchovu. Bodi sita mfululizo, ni siku moja hiyo, Jumanne iliyopita bila shaka, na Jumanne ile kulikuwa na joto. Mtu akichoka, jicho linaruka.

"Linaruka," mkewe alisema.

"Linaruka. Ni jambo la kisayansi."

"Haya, chukua hii ya kumi. Nioneshe mahali liliporuka."

Injinia aliigeuza bodi. Alitazama mahali pa rezista, na kwa mara ya kwanza tangu moshi upande, hakutazama ili apate la kusema. Hapakuwa na pengo pale. Palikuwa na waya. Waya mfupi wa shaba, umenyooka, umekatwa sawasawa kwa urefu wa nafasi, umelehemiwa pande zote mbili kwa vitone vidogo vinavyong'aa. Akachukua ya kumi na moja. Waya. Ya kumi na mbili. Waya ule ule, urefu ule ule, kana kwamba zote sita zilizaliwa tumbo moja.

"Jicho bovu husahau kitu, baba watoto," Bi Lehemu alisema. "Haliongezi kitu. Mimi hapa nilikata waya sita, nikazipima, nikazinyoosha kwa koleo. Nilizikata kwa sababu nilioneshwa mstari."

Mstari. Neno lile lilimwingia Injinia kama tone la maji baridi shingoni. Jumanne iliyopita, saa tatu na nusu, alikuwa amepata wazo. Aliiondoa rezista ile ili aweke nyingine ya aina bora zaidi, na kwa kuwa hakupenda kuona mchoro umekatika, akaunganisha nafasi kwa mstari mmoja ulionyooka, wa kushikilia tu, wa muda. Wakati huo huo jirani akawasha mashine ya kusaga. Akasevu. Akasevu tena. Kisha akakumbuka kwamba nywele zimezidi, akaenda kwa kinyozi, na kwa kinyozi palikuwa na ubishi kuhusu kama radi hupiga kutoka juu kwenda chini au chini kwenda juu, na ubishi ule haukuwa na mtu mwingine wa kuumaliza. Alirudi saa kumi. Wazo la rezista bora lilikuwa limepoa, akairudisha ile ya zamani, akasevu, akaomba chakula.

Kwa muda wa saa sita na nusu mstari wa muda ulikuwa umekaa ukutani, na chini yake mwanamke aliyeambiwa asiulize.

Injinia alikaa. Alichukua bodi ya kumi na tano, akaigeuza, akairudisha. Dakika zake tano zilikwisha zamani.

"Ungenipigia simu," alisema hatimaye.

Bi Lehemu alimtazama kwa muda mrefu kiasi kwamba yeye mwenyewe aliyasikia maneno yale tena, na mara ya pili yalikuwa mabaya zaidi.

* * *

Binti alikuja Jumatano, kwa hasira ya mtu aliyeomba ruhusa kazini kwa kudanganya kuwa kuna mgonjwa. Aliyasikiliza yote akiwa amesimama. Alisema kosa lingine ni lake, maana alitengeneza programu inayomtii anayechora akamsahau anayefunga. Akauliza, mama unataka nini?

Mama alikuwa na jibu, alikuwa nalo tangu Jumapili. Alitaka picha yake isimame. Faili libadilike mara mia, huko chumbani, hilo ni la mwenye chumba. Lakini picha ya ukutani isiguswe hadi yeye akubali. Programu imwambie kuna mpya, imwoneshe kwa rangi kilichoondoka na kilichoingia, naye atamwita mchoraji aje kwa miguu yake aeleze kwa nini. Akiridhika, atabonyeza. Na za zamani zote zihifadhiwe.

"Hiyo ni saa moja tu ya kazi," binti alisema.

"Na mimi nikiwa na haraka?" Injinia aliuliza.

"Utakuja haraka," binti alijibu.

Kazi ile ikaisha kabla ya chakula cha mchana. Alasiri mama alifumua waya sita, akaziweka rezista mahali pake na kubadilisha transista mbili zilizoungua. Lakini Bi Lehemu hakuwa amemaliza. Alileta karatasi ya mistari na kalamu ya bluu, akaviweka mbele ya mumewe, akamkumbusha kwamba kwenye ofisi ya maji kuna fomu inayosema yeye haoni. Injinia alisema atamweleza mkaguzi kwa mdomo, mwanaume kwa mwanaume. Mkewe akasema fomu haina masikio.

Barua ya kwanza ilieleza matatizo ya umeme mtaani, kwa kirefu, pamoja na takwimu. Bi Lehemu aliisoma, akaikunja, akaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza. Barua ya pili ilieleza udhaifu wa programu mpya za kompyuta. Binti aliisoma hiyo, akacheka puani, akairudisha. Barua ya tatu ilikuwa nzuri sana, ilikuwa na maneno kama "mazingira" na "mawasiliano", na ukimaliza kuisoma ulihisi kwamba masanduku yalijiunguza kwa huzuni.

"Baba," binti alisema, "nani aliondoa rezista?"

Injinia alivua kofia, akaivaa tena. Nje mtu alipita akiuza mifagio, akanadi mpaka sauti ikapotea. Akasema wanafanya jambo dogo kuwa kubwa. Akasema mtu akifika umri fulani jina lake ndilo mali pekee aliyonayo.

"Kweli kabisa," alisema Bi Lehemu. "Na langu umeliacha ofisini kwa watu."

Alikwenda jikoni, na huko ndani ikasikika sufuria ikiwekwa juu ya jiko kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko kishindo. Injinia akavuta karatasi ya nne. Hii ilikuwa na mistari minne, na ilimchukua muda kuliko zile tatu zote kwa jumla. Niliondoa rezista kwenye mchoro, nikachelewa kuirudisha. Mke wangu alifunga alichochorewa. Macho yake ni mazima. Nilisema uongo mbele yako kwa sababu niliona aibu.

Hakumpa mtu aisome. Aliitia kwenye bahasha na kuilamba mwenyewe.

* * *

Ijumaa mkaguzi alifika na kalamu zake nne. Injinia alimpa bahasha kabla hajaketi, akasimama kando huku mikono imeshikana nyuma kama mwanafunzi. Mkaguzi alisoma mistari minne, akaisoma tena. Akamgeukia Bi Lehemu, na safari hii alimtazama.

Alisema fomu ya wiki jana imekwisha kuingia jaladani na haiwezi kufutwa. Kwao karatasi haijibadilishi yenyewe. Atakachofanya ni kuibandika barua hii juu yake kwa pini, ili kila atakayeifungua akutane na barua kwanza. Bi Lehemu alisema pini inatosha, mradi isiwe ya kutu.

Kisha akaomba masanduku. Hakuchukua mawili, alichukua yote, moja moja, dakika kumi kila moja, na kuyatia kwenye umeme alimwachia mama. Kazi ile ilikula asubuhi nzima. Chai ilinyweka, mara mbili. Ilipofika la kumi na tatu, Injinia alitoka nje akaenda kutazama ukuta wa jirani. La kumi na tatu lilitoa mlio wake mdogo wa kuzima pampu, likazima, likanyamaza. Hakuna kilichonuka ila chai.

Mkaguzi alijaza fomu mpya kwa wino mweusi. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya sahihi ya fundi, na kwa mazoea alimsogezea Injinia karatasi pamoja na kalamu. Injinia alipokea kalamu. Aliishika muda kidogo. Kisha akaigeuza karatasi, akaisukuma ng'ambo ya meza.

Bi Lehemu hakutia sahihi mara moja. Alivuta kiti, akaketi, akaanza kuisoma kutoka juu, kila mstari, na maandishi madogo ya pembeni pia, huku wanaume wawili wamesimama. Mkaguzi akatazama saa. Injinia akamwambia kwa sauti ya chini kwamba ni fomu ya kawaida tu, hizo huwa hazisomwi.

Akafika katikati ya ukurasa, akaweka kidole.

"Hapa umeandika ishirini na matatu, mwanangu," alimwambia mkaguzi. "Ni ishirini na manne. Rekebisha, ndipo nitie sahihi."